Zamu na Siri: Ugavi wa Muda wa Kutuma Mawimbi katika Kulinda Mawasiliano Yasiyotumia Waya

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna vitumaji viwili vya redio vinavyoweza kulinda siri za jumbe zao kwa kugawana muda wa kutuma. Yanaeleza tofauti iliyopo baina ya siri inayotegemea ufunguo na siri inayotegemea kelele, yanafuatilia chimbuko la nadharia ya siri ya aina ya pili, kisha yanatoa mfano wa hesabu unaolinganisha mbinu tatu. Hoja kuu ni kwamba zamu yenyewe haifichi neno lolote. Kinachoficha ni tofauti baina ya jinsi mlengwa anavyosikia na jinsi mdukizi anavyosikia. Kazi ya zamu ni kuipanua tofauti hiyo.

1. Utangulizi

Wahenga walisema kwamba siri ya mtungi aijuaye kata. Kata huijua siri hiyo kwa kuwa ndiyo iingiayo mtungini. Kilicho nje hakina njia ya kuona kilichomo ndani. Mawasiliano ya redio hayana mtungi wa namna hiyo. Mtu anapotuma ujumbe kwa rununu, wimbi halimfuati mlengwa peke yake kama barua iliyotiwa katika bahasha. Husambaa pande zote, na kila antena iliyo katika eneo hilo hupata sehemu yake, iwe imealikwa au haikualikwa.

Jambo hili si la wahandisi pekee. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa nchini Kenya mwaka wa 2007, mamilioni ya watu wameyakabidhi mawimbi ya redio fedha zao, na si maneno yao tu. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinamhakikishia kila mtu haki ya faragha, ikiwa ni pamoja na faragha ya mawasiliano yake, na mwaka wa 2019 ikapitishwa Sheria ya Kulinda Data. Hata hivyo, sheria humkabili mkosaji baada ya kosa. Haiwezi kulizuia wimbi lisifike kwenye antena isiyostahili. Swali linalozuka ni hili: je, wimbi lenyewe linaweza kutumwa kwa namna ambayo hata likimfikia mdukizi halitamfaa?

Kabla ya kulijibu swali hilo, inafaa istilahi mbili zitenganishwe. Kudukiza ni kusikiliza kwa siri mazungumzo ya wengine. Afanyaye hivyo ni mdukizi. Kudukua ni kupekuapekua mambo ya watu, na siku hizi mdukuzi ni jina la yule anayeingia katika tarakilishi au mtandao wa mwingine bila idhini. Makala haya yanamhusu mdukizi. Yeye havunji mlango wala haachi alama yoyote. Hutega sikio tu.

2. Siri ya ufunguo na siri ya kelele

Njia kongwe ya kumshinda mdukizi ni kuugeuza ujumbe. Watoto wa pwani wana mchezo wa kusema kinyume, ambapo mpangilio wa silabi za neno hubadilishwa ili asiyejua kanuni asielewe. Mdukizi wa mazungumzo ya kinyume husikia kila sauti iliyotamkwa. Anachokosa ni kanuni peke yake, na siku atakapoijua, siri yote itakuwa imekwisha. Usimbaji fiche wa kisasa una kanuni ngumu zaidi mara nyingi, lakini msingi wake ni uleule: mdukizi anayo maandishi yote, na kinga imo katika ufunguo.

Ubora na udhaifu wa njia hii ulidhihirishwa na mfumo wa GSM, uliosambaza simu za mkononi katika nchi nyingi za Afrika. Mazungumzo mengi ya GSM yalilindwa kwa usimbaji ulioitwa A5/1, ambao ulibuniwa katika miaka ya 1980. Kasoro zake zilijadiliwa na wanataaluma kwa muda mrefu, na mwishoni mwa mwaka wa 2009 mtafiti Mjerumani Karsten Nohl akatangaza matokeo ya mradi wa kutengeneza majedwali yaliyorahisisha kuuvunja. Tarakilishi ziliongezeka nguvu, kufuli likabaki lilelile.

Claude Shannon alikuwa amekwisha kulitazama tatizo hili kwa jicho la hisabati. Katika makala yake ya 1949 kuhusu mifumo ya siri, alithibitisha kwamba siri kamili, yaani siri ambayo hata mdukizi mwenye uwezo usio na kikomo hawezi kuifichua, huhitaji ufunguo usiopungua ujumbe wenyewe kwa urefu. Anayetaka kutuma biti milioni moja kwa siri kamili sharti kwanza amfikishie mwenzake ufunguo wa biti milioni moja kwa njia nyingine iliyo salama. Kwa mtumiaji wa kawaida, sharti hili ni zito mno.

Lakini Shannon alichukulia kwamba mdukizi hupokea ujumbe uliosimbwa bila dosari, sawa na mlengwa. Katika redio, hali huwa tofauti. Watu wawili wanaonong'onezana sokoni hawahitaji kinyume; mnong'ono unasikika kwa aliye karibu, na kwa aliye mbali humezwa na makelele ya soko. Hapa kinachoilinda siri ni kelele, wala si ufunguo.

3. Chimbuko la nadharia

Aliyeligeuza wazo hilo kuwa nadharia ni Aaron Wyner wa maabara ya Bell nchini Marekani. Katika makala yake ya 1975, Wyner alichunguza hali ambapo mlengwa hupokea ujumbe kupitia njia moja, naye mdukizi hupokea nakala iliyoharibiwa zaidi na kelele. Alionyesha kwamba panapokuwa na tofauti hiyo, ujumbe unaweza kumfikia mlengwa kwa usahihi huku mdukizi akiachwa gizani, bila ufunguo wowote kukubaliwa kabla.

Siri ya mbinu ya Wyner imo katika bahati nasibu. Kila ujumbe hupewa mifuatano mingi ya alama badala ya mmoja, na mtumaji huchagua mmojawapo bila mpango wowote. Mlengwa, kwa kuwa anasikia vizuri, huutambua mfuatano uliochaguliwa na hivyo huujua ujumbe. Mdukizi ana uwezo mdogo wa kupokea, na uwezo huo wote huishia katika kubahatisha ni mfuatano upi uliochaguliwa. Ni kama mtu aliyeshibishwa makapi: nafaka ipo, lakini tumbo limejaa.

Mwaka wa 1978 nadharia hii ilipanuliwa mara mbili. Imre Csiszár na János Körner waliiondoa katika sharti la kwamba anachopata mdukizi lazima kiwe nakala iliyochakaa ya kile anachopata mlengwa. S. K. Leung-Yan-Cheong na Martin Hellman nao walitoa jibu kwa njia zenye kelele ya kawaida ya redio: kiwango cha juu cha siri ni uwezo wa njia ya mlengwa ukitolewa uwezo wa njia ya mdukizi. Utoaji huu ndio moyo wa mjadala wote. Ikiwa mlengwa anaweza kupokea biti 2 na mdukizi biti 1, biti 1 inaweza kuwa siri. Ikiwa wote wawili wanapokea sawa, au mdukizi anapokea zaidi, siri ni sifuri.

4. Zamu katika mawasiliano ya redio

Kugawana muda si jambo geni katika redio. Katika GSM, mkondo mmoja wa masafa wenye upana wa kilohazi 200 hutumiwa na watu hadi 8 kwa zamu. Mzunguko mmoja wa zamu hizo huchukua milisekunde 4.615 hivi, kisha huanza upya. Sikio la binadamu halitambui kwamba sauti imekatwa vipande na kuunganishwa tena. Lengo la zamu hizi ni kuzuia mawimbi yasigongane. Si kinga ya siri, kwa sababu mdukizi mwenye kipokezi anaweza kusikiliza zamu zote 8.

Basi zamu huwaje kinga? Swali hili lilipata jibu muhimu mwaka wa 2008 katika makala ya Ruoheng Liu, Ivana Marić, Predrag Spasojević na Roy Yates. Watafiti hawa walichunguza jozi mbili za kitumaji na kipokezi zilizo jirani, ambapo kipokezi cha kila jozi ni mdukizi wa ujumbe wa jozi nyingine. Walilinganisha kutuma kwa pamoja, kutuma kwa zamu, na kutuma kunakosindikizwa na kelele bandia. Mfano ufuatao unafuata njia hiyo kwa tarakimu nyepesi.

5. Mfano wa hesabu

Chukulia zahanati mbili zilizo jirani. Kila moja hutuma rekodi za wagonjwa wake kwa redio hadi kwenye kipokezi chake, na hakuna inayotaka kipokezi cha jirani kijue habari za wagonjwa wake. Nguvu ya kelele ya asili katika kila kipokezi ni kizio 1. Wimbi la zahanati hufika katika kipokezi chake likiwa na nguvu zake zote, na katika kipokezi cha jirani likiwa na moja ya tano tu. Kila zahanati inaruhusiwa kutumia nguvu ya vizio 7.5 kwa wastani.

Kanuni ya kupata uwezo wa njia ni hii: nguvu ya wimbi hugawanywa kwa nguvu ya kelele, 1 huongezwa kwenye jibu, hutafutwa ni 2 ngapi zinazozidishwa pamoja ili kuipata jumla hiyo, kisha idadi hiyo hugawanywa kwa 2. Kwa mfano, uwiano wa 15 hutoa jumla ya 16, ambayo ni 2 nne zilizozidishwa. Nusu ya nne ni biti 2 kwa kila alama inayotumwa. Uwiano wa 3 hutoa jumla ya 4, na hivyo biti 1.

(a) Kutuma kwa pamoja

Zahanati zote mbili zinatuma wakati wote kwa nguvu ya 7.5. Katika kila kipokezi, wimbi halali lina nguvu ya 7.5, nalo wimbi la jirani, lenye nguvu ya 1.5, huongezeka juu ya kelele ya asili. Jumla ya usumbufu ni 2.5, uwiano ni 3, na mlengwa hupata biti 1.

Je, kipokezi cha jirani kinapata nini? Mtu anaweza kudhani kwamba nacho kinasumbuliwa na mgongano huohuo. Sivyo. Kipokezi hicho hufumbua kwanza ujumbe wa zahanati yake, kwa kuwa ndiyo kazi yake, kisha huuondoa katika kile kilichopokewa. Kinachobaki ni wimbi la jirani lenye nguvu ya 1.5 juu ya kelele ya 1. Uwezo wake wa kudukiza ni biti 0.66 hivi. Siri inayobaki ni 1 kutoa 0.66, yaani biti 0.34.

(b) Kutuma kwa zamu

Sasa kila zahanati inatuma kwa nusu ya muda na kunyamaza nusu nyingine. Kwa kuwa inapumzika nusu ya muda, katika zamu yake inaweza kutumia nguvu ya 15 bila kuuvuka wastani wa 7.5. Mlengwa hana msumbufu. Uwiano wake ni 15, na uwezo ni biti 2. Mdukizi hupata moja ya tano, yaani 3, na uwezo wake ni biti 1. Siri katika zamu ni biti 1, na kwa wastani wa muda wote ni biti 0.5.

Linganisho hili lina funzo. Lau siri isingehitajika, mbinu zote mbili zingelingana kabisa: kwa pamoja kila zahanati ingepata biti 1, na kwa zamu ingepata nusu ya biti 2, ambayo pia ni biti 1. Zamu isingeleta faida yoyote. Mara tu siri inapodaiwa, zamu inashinda, 0.5 dhidi ya 0.34. Sababu ni kwamba mgongano wa mawimbi humuumiza mlengwa na kumwacha mdukizi salama. Zamu huuondoa usumbufu ambao ulikuwa ukimdhuru rafiki peke yake.

(c) Zamu pamoja na kelele bandia

Ikiwa usumbufu unaomdhuru rafiki ni hasara, basi usumbufu unaomdhuru mdukizi zaidi ni faida. Katika mbinu ya tatu, zahanati ambayo si zamu yake hainyamazi kabisa. Hutoa kelele isiyo na maana yoyote. Kelele hiyo hukifikia kipokezi chake yenyewe kwa nguvu zote, na kipokezi cha jirani kwa moja ya tano. Kwa maneno mengine, zahanati hukiziba sikio kipokezi chake ili kisidukize siri ya jirani.

Nguvu haziongezwi. Kila zahanati inatumia 12 katika zamu yake na 3 katika zamu ya jirani, na wastani unabaki 7.5. Mlengwa hupata wimbi la 12 juu ya usumbufu wa 1.6, uwiano ni 7.5 na uwezo ni biti 1.54. Mdukizi hupata wimbi la 2.4 juu ya usumbufu wa 4. Uwiano ni 0.6 na uwezo ni biti 0.34. Siri katika zamu ni biti 1.20, na kwa wastani ni biti 0.60.

Kwa hivyo, kwa nguvu zilezile na masafa yaleyale, siri imepanda kutoka 0.34 hadi 0.50 na hatimaye 0.60. Kuna jambo jingine. Katika mbinu ya zamu peke yake, kuongeza nguvu bila kikomo hakusaidii sana, kwa sababu anayepazia sauti mlengwa humpazia mdukizi pia. Hata kama zahanati ingekuwa na nguvu zisizo na mwisho, siri katika zamu yake isingeivuka biti 1.16. Mbinu ya tatu imekipita kiwango hicho kwa nguvu ya 12 tu. Kile ambacho nguvu zote za mtu mmoja haziwezi kununua kimepatikana kwa msaada mdogo wa jirani.

6. Masharti na mipaka

Matokeo haya yana masharti ambayo msomaji makini hapaswi kuyapuuza.

Kwanza, kanuni ya utoaji haina huruma. Mdukizi aliye karibu na kitumaji kuliko mlengwa humpita mlengwa kwa usikivu, na zamu peke yake haitaunda siri pasipo tofauti. Hata hivyo, nguvu ya wimbi la redio hupanda na kushuka kadiri vyombo vinavyosogea na majengo yanavyolikinga. Mwaka wa 2008 Praveen Gopala, Lifeng Lai na Hesham El Gamal walionyesha kwamba siri inaweza kupatikana hata pale ambapo mdukizi husikia vizuri zaidi kwa wastani, mradi mtumaji anyamaze nyakati mbaya na atume nyakati ambazo mlengwa ana nafuu. Hapa zamu haigawanywi baina ya majirani. Hugawanywa baina ya nyakati njema na nyakati mbaya.

Pili, hesabu hudai kujua hali ya njia ya mdukizi. Katika mfano wa zahanati, mdukizi ni jirani anayejulikana. Mdukizi wa nje, aliyejificha katika gari lililoegeshwa kando ya barabara, hatangazi mahali alipo. Makadirio yakikosea, siri inayodhaniwa kuwapo huenda haipo.

Tatu, kelele bandia sharti iwe kelele kweli. Ikiwa kipokezi kinachozibwa kinajua mapema mfuatano wa kelele hiyo, kitaitoa kama kinavyoutoa ujumbe wake na kuendelea kudukiza. Tena, zahanati inayotoa kelele inatumia nishati yake kulinda siri isiyokuwa yake. Ikiacha kufanya hivyo, jirani hatajua kwamba ngao yake imeondolewa.

Nne, zamu hutegemea saa. Vituo visipokubaliana kuhusu mwanzo na mwisho wa zamu, mawimbi yatagongana na faida ya mbinu ya pili itapotea. Katika GSM, simu iliyo mbali na mnara huagizwa itume mapema kidogo ili wimbi lifike kwa wakati, na pengo dogo huachwa baina ya zamu na zamu.

Kutokana na masharti haya, siri ya kelele haipaswi kuchukuliwa kuwa mbadala wa usimbaji fiche. Ni ukuta wa ziada. Ufunguo humlinda mtumiaji dhidi ya mdukizi asiyeweza kufanya hesabu ngumu. Kelele humlinda dhidi ya mdukizi asiyesikia vizuri, hata awe na tarakilishi yenye uwezo kiasi gani. Anayevuka ukuta mmoja hukutana na mwingine.

7. Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba kugawana muda wa kutuma hakumfichi mtumaji. Mdukizi anaweza kuijua ratiba ya zamu, kuzijua mbinu zote zilizotumika, na bado akashindwa kuupata ujumbe. Kinachomshinda ni kelele, na zamu ni mpango wa kuhakikisha kwamba kelele inamwelemea yeye badala ya mlengwa. Mfano wa zahanati umeonyesha pia kwamba siri katika redio haiwezi kulindwa vyema na mtu mmoja. Msingi wake ni ujirani: mmoja anyamaze mwenzake asemapo, au, bora zaidi, akizibe kipokezi chake mwenyewe wakati huo.

Mjadala huu umeendeshwa kwa maneno ambayo Kiswahili kilikuwa nayo kabla ya redio kuvumbuliwa: zamu, kelele, siri, mdukizi, jirani. Istilahi hizi zinatosha kuibeba nadharia ya Wyner na waliomfuata bila kuipunguzia uzito. Kazi iliyobaki kwa wanafunzi wa Kiswahili na wa uhandisi ni kuendelea kuifafanulia jamii namna siri zake zinavyolindwa hewani, kwa kuwa mtu hawezi kudai ulinzi wa haki ambayo hajui inavyoweza kuvunjwa.